Folda ya Maneno Matatu

Diski ya nakala ilikuwa na milio ya simu tu. Mshonaji aliifungua mara tatu, akaifunga, kisha akaibeba pamoja na kompyuta yake kuukuu hadi kwa fundi wa mtaani.

"Ni rekodi sitini na moja," alinong'ona. "Folda inaitwa Sauti ya Mama."

"Mbona unanong'ona, dada? Hapa si msibani," fundi alitania. Alipoona hacheki, aliinamia kioo.

Kwa miezi mitatu, kila jioni, programu ya kuhifadhi nakala ilikuwa ikimwandikia: Kazi imekamilika. Naye kila jioni alimshukuru Mungu, akalala.

"Nimeiona," fundi alisema. "Ulipoiagiza programu, uliandika jina la folda bila alama za nukuu. Programu ikikuta nafasi kati ya maneno, inadhani umemaliza. Imesoma Sauti, ikaishia hapo. Na folda ya Sauti unayo kweli, ya milio ya simu. Basi imekuwa ikinakili hiyo hiyo, tena kwa bidii."

"Na zangu?"

"Zimo kwenye kompyuta tu. Hebu sikiliza diski yake inavyogonga. Inakata roho hii. Tutajaribu mara moja."

Alilizungushia jina alama za nukuu, akabonyeza.

Kumi na mbili. Ishirini na tisa. Thelathini na nane, ikaganda. Mshonaji alifumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Fundi, ambaye hakuwa mtu wa sala, alivua kofia.

Thelathini na tisa.

Ilipofika sitini na moja, fundi alifungua rekodi mojawapo. Mwanamke alisimulia habari za mbwa aliyeogopa kivuli chake, akasahau mwisho, akaangua kicheko. Mshonaji alijifunika uso kwa mtandio. Kicheko hicho hakikuwa kimesikika nyumbani tangu mvua zilipokatika.

"Pole sana, dada. Mama alifariki lini?"

 Mshonaji alimwomba afunge mlango, kelele za pikipiki zisiingie, kisha akawasha kinasa sauti cha simu yake, akakohoa, akaisogezea mdomo.

"Wanangu, ni mimi, Mama," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kesho madaktari watatoa uvimbe kooni, na sauti itaondoka nao. Basi leo nawaita majina yenu, mmoja mmoja."