Sahihi Nyingine ya Mzee Verlin

Mbwa wa mzee Verlin Stutzman hakubweka. Alikwishamzoea Darla; hii ilikuwa mara ya tatu anapanda ngazi za baraza ile akiwa amekumbatia ubao wake wa kubania karatasi.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka juzi. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba sahihi, ili wananchi wa jimbo wapigie kura sheria moja tu: kila mfanyakazi apate siku saba za kuugua kwa mwaka bila kukatwa mshahara. Kura ikapigwa, wakashinda, tena kwa mbali. Wabunge wa jimbo wakakaa vikao viwili, wakaifuta. Eti wananchi hawakuelewa walichokuwa wanakipigia kura.

Wiki hiyo hiyo Tessa, binti wa Darla, akabanwa na pumu. Darla alikaa naye hospitalini siku mbili. Aliporudi kwenye kiwanda cha kuchinja bata mzinga, kadi yake haikufungua mlango. Miaka kumi na mmoja, na kwaheri hakupewa.

Alilia? Wapi. Mei akazipitia tena nyumba zile zile, safari hii kwa ombi la kuirudisha sheria iliyofutwa. Sasa ni Agosti.

"Karibu, mama Tessa." Mzee alikuwa barazani akimenya mahindi mabichi. "Fulana yako ya kijani ya kampeni leo iko wapi?"

"Kwenye nguo chafu."

"Na mahubiri je? Maana wewe ukianza, mtu hapati nafasi hata ya kukohoa."

"Nimechoka, mzee."

Na kweli alikuwa amechoka. Hasira ilimwisha tangu Juni, na aibu nayo ilikuwa inaelekea huko huko. Jua lilimchoma shingoni, akaliacha limchome.

"Kazi ulipata?"

"Tangu Jumatatu. Ya kutembea-tembea."

"Siku za kuugua wanatoa?"

"Saba."

Mzee akacheka mpaka mbwa akainua kichwa. "Una bahati yako wewe. Binti yangu Renae bado yuko kiwandani, mimba ya miezi saba, kliniki yenyewe anaogopa kwenda. Na mjukuu ninayemtarajia ni huyo huyo mmoja." Akatupa ganda la hindi kwenye ndoo. "Haya, wanataka nini tena hao? Mwaka juzi nilisaini. Mei nikasaini."

"Ni habari ya ombi lile lile. Karatasi nyingine tu."

"Kwani sahihi za Mei hazikutosha?"

"Zilitosha. Zilizidi kidogo sana."

"Basi tusiwape nafasi. Aliye juu mngoje chini." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Miwani yangu iko jikoni. Niifuate?"

Darla aliutazama mlango wa wavu. Jikoni hapakuwa mbali, hatua kumi hivi. Angeweza kumwambia aifuate.

"Upendavyo, mzee."

"Aa, nianze kukukagua wewe? Si ndiwe uliyetuamsha mtaa mzima?"

Akasaini kwa herufi kubwa, polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Kisha akamfungashia mahindi sita.

"Mpelekee Tessa. Mwambie babu Verlin anapigana."

"Nitamwambia."

Ndani ya gari jeupe la kampuni iliyomwajiri, Darla aliiweka karatasi ile juu ya nyingine kumi na sita. Zote zilikuwa na kichwa kimoja cha maneno: Naomba jina langu liondolewe kwenye ombi la kurudisha siku za kuugua. Ya chini kabisa, ya Jumatatu asubuhi, ilikuwa na sahihi yake mwenyewe.