Mto wa Kwao Unapoishia

Konsolata alishuka kutoka milima ya Mbulu kuja kumrudisha nyumbani binti yake, aliyeolewa kwa wafugaji wa Yaeda Chini. Aliona nchi ile ni ukame mtupu.

Asubuhi binti akampeleka kwa pikipiki hadi Ziwa Eyasi. Mto ulikuwa ukiingia ziwani taratibu, na ndege aina ya heroe wa rangi ya waridi wakaruka kwa pamoja.

"Mama, huu ndio ule unaopita shambani kwetu. Hauendi baharini. Unaishia hapa."

Konsolata aliyachota maji ya ziwa kiganjani, akayaonja. Yalikuwa ya chumvi. Akayatazama yakimeta hadi upeo wa macho.

"Kwa hiyo nikifua kule juu, maji yanakufikia?"

"Yananifikia, mama."

Konsolata akavua viatu, akaingia majini.