Ndoo Mbele ya Geti

Mama Chausiku alipita nyumba kwa nyumba akidai walinzi wa kiwanda cha maji ya chupa wamezipiga mateke ndoo zote. Siwema alifika mbio na ndoo mbili, akakuta hakuna hata moja iliyoguswa; kumbe mama yule alitaka tu watu waje. Zilijipanga kutoka getini mpaka barabarani, zimelizuia lori lisitoke, nalo likipiga honi.

Tangu kiwanda kizungushie chemchemi ukuta, mtaa mzima haukuwa na pa kuteka. Basi wanawake walipanga foleni kama zamani: unaweka ndoo, unakwenda zako, na hakuna anayegusa ndoo ya mwenzake.

“Ziondoe!” meneja alimfokea Kombo, mlinzi.

Kombo aliinama, akasita. “Bosi, hii ya Mama Chausiku. Nikiisogeza, mtaani nitaishi na nani?”

Wanawake wakaangua kicheko. “Kumbe ulilelewa, shemeji!”

Mama Chausiku mwenyewe akaisogeza yake nyuma. Siwema akampa Kombo moja ya zile ndoo mbili alizokuja nazo, ya bluu yenye mpini wa kamba.

“Ya mkeo hii. Tumempisha awe wa kwanza. Tufungulie, shemeji, tumtekee.”

Kombo alisimama, ndoo mkono huu, funguo mkono ule. Lori likaacha kupiga honi.