Jina la Mwadime Mnarani

Siku hizi jina la askari huandikwa kwenye mnara wa mashujaa siku anapokwenda vitani. Akirudi salama, huweka kiganja juu ya jiwe, na jina hufutika lenyewe.

Mwadime alikuwa na wiki tatu tangu arudi, na kila asubuhi alitafuta sababu ya kutokwenda. Jumapili mama yake, Mghoi, alimshika mkono wakapanda kilima pamoja. Juu ya jiwe yalikuwepo majina ya vita vya kale, yaliyoliwa na mvua, na chini yake majina mapya.

Mwadime aliweka kiganja. Jina lake halikufutika.

"Jaribu mkono wa kushoto, mwanangu."

Alijaribu. Jina lilibaki vilevile.

Mlinzi wa mnara alisogea. "Mama, jiwe hili halijawahi kukosea. Huyu ni nani?"

Mghoi alimtazama kijana. Sura ilikuwa ya mwanawe, na kovu la kwenye nyusi pia. Lakini tangu arudi hakuwa ameuliza hata mara moja lilipo kaburi la baba yake, aliyefariki yeye akiwa vitani.

"Ni mwanangu," alimjibu mlinzi. "Twende, baba, chakula kitapoa."

Walipokuwa wakishuka kilima Mghoi alimwambia kijana atangulie, kwa maana hakutaka awe nyuma yake.