Kompyuta Chini ya Kitambaa

Siku ya kustaafu, Profesa Siwema alisimama, akaketi, akasimama tena. Kompyuta yake ilikuwa bado inavuma chini ya kitambaa cha kufuma, ikitafuta jibu la hesabu aliyoipa tangu akiwa mhadhiri kijana. Ofisi alikuwa amepewa Lukindo, mwanafunzi wake wa zamani.

"Imekaribia kumaliza, Profesa?" aliuliza Lukindo.

"Niliwafundisha nini darasani? Hakuna anayeweza kujua kama itamaliza au itazunguka milele."

"Basi tuizime. Mafundi wa rangi wanasubiri."

"Nitaizima mwenyewe."

Alikikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja upya. Hatimaye aliinama kuifikia swichi ya ukutani. Kabla hajaigusa, mvumo ukakatika. Lukindo akatazama taa ya darini. Ilikuwa inawaka. Profesa akabaki ameinama, asithubutu kugeuka kuangalia skrini.