Karibu Kura

Wifi yake Paskazia alikiinua kitambaa kutoka juu ya sinia, akakisoma mbele ya wageni: "KARIBU KURA! Jamani, Krismasi hii kuna uchaguzi?"

Wakacheka wote, hata wasiojua kusoma.

Paskazia alitazama kidole chake kilichojaa matundu ya sindano. Shinyanga nzima hapakuwa na uzi madukani, akafumua sweta lake mwenyewe ili amdarizie wifi zawadi. Alivyozoea kutamka, ndivyo alivyodarizi.

Akamnyang'anya kitambaa, akaufunika tena wali na kuku aliowapika tangu alfajiri, akajitwika sinia.

"Wifi! Chakula unakipeleka wapi?"

"Kwa wanangu," alijibu akiwa mlangoni, safari hii akiitamka "l" kwa makini. "Wao watakula. Ninyi pigeni kura."