Mkia Matopeni

Muhoza aliushika mkia wa farasi kwa mikono miwili, akavuta.

Mvua ya Januari ilikuwa imegeuza udongo wa langoni kuwa uji, kwenye shamba hili la nje ya Louisville, huku ughaibuni. Farasi jike alikuwa amezama hadi tumboni, anatetemeka kwa baridi, na trekta ilikuwa bado iko mbali. Asiposimama upesi, hatasimama tena.

"Muhoza, wacha mukia!" mwenzake wa kazi, mama mmoja wa Bukavu, alimpigia kelele kutoka kwenye uzio. "Ile si ngombe yenu ya ku milima! Farasi inaamukaka na miguu ya mbele. Enda ku kichwa!"

Muhoza akabaki pale pale nyuma, maji ya mkia yakimchuruzika vidoleni.

Kule milimani kwao alishika mkia hivi hivi, ng'ombe wake alipokwama kwenye matope ya bondeni. Risasi zilipolia aliuachia, akakimbia. Kwa kuwa alikuwa nyuma, hakuyaona macho ya ng'ombe huyo. Miaka kumi na minane amemshukuru Mungu kwa hilo.

"Donc unangojea nini, muzee? Inakufa!"

Akazunguka. Matope yakamvua buti moja, hakulirudia. Akapiga magoti, akakikumbatia kile kichwa cha baridi, akajilazimisha kutazama.

Jicho lilikuwa jeusi, limejaa mvua, na ndani yake alijiona mwenyewe, mdogo.

"Gaju," akasema, jina la yule ng'ombe, kabla hajajizuia.

Masikio ya farasi yakamgeukia.